Bi Harusi wa Magurudumu Sita

Gari letu tunaliita Bi Harusi, kwa sababu likipita watu wote husimama kulitazama na hakuna anayemjulia hali dereva. Dereva ni mimi. Nina miaka sitini na moja, nilikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, na leseni ya lori niliipata nikiwa tayari nina wajukuu wawili. Siku ya kwanza mwalimu wa udereva aliniuliza kama nimemleta mwanangu kujiandikisha. Nilipanda, nikasogeza kiti mbele, nikamuuliza yeye anangoja nini chini.

Haya, nikueleze lilivyo, maana najua unataka kujua. Wote mnataka. Ni lori, na kila gurudumu lake linanifika kifuani. Mgongoni limebeba nyumba nyeupe, nyumba kweli, si kibanda: kitanda cha watu wawili chenye godoro zito, jiko la gesi, friji, meza ya kukunja, choo, bafu la maji moto, makabati ya mbao nyekundu yasiyofunguka njiani hata ukiruka shimo. Paa lote ni sola. Tangi la maji linatutosha wiki mbili tukioga kama watu wenye akili. Halafu kuna ngazi. Ngazi hiyo ukibonyeza kitufe inashuka yenyewe, taratibu, mpaka chini, na ndiyo inayonitia mashakani kila mahali. Watoto wakiiona hupiga makofi. Watu wazima hujifanya hawakuiona, kisha wananiomba niipandishe ili ishuke tena.

Mwenye wazo la gari hili ni mume wangu. Alikuwa dalali wa minada, na mitaa yote ilimjua kwa jina la Nyundo. Aliuza nyumba, matrekta, vitanda, majenereta, na mara moja aliuza jeneza ambalo mgonjwa aliyetengenezewa alipona. Alikuwa anaongea kuanzia anapofumbua macho. Nilikuwa narudi zamu ya usiku kichwa kinaniuma, namwambia baba watoto, pumzisha ulimi, na yeye ananijibu kwamba ulimi hauna mfupa, sasa utachoka na nini. Kazi ilimpeleka kila mji, mimi nikabaki na wagonjwa wangu na watoto. Akanipa ahadi: tukistaafu atanizungusha mpaka niombe kurudi. Tulipostaafu tukauza nyumba yetu kubwa, ambayo watoto walikwisha kuihama, tukaagiza gari. Mafundi walikaa nalo miezi kumi na minne.

Wiki tatu kabla halijakamilika, akiwa ananyoa ndevu, kiharusi kikampiga.

Sitakuchosha na ya hospitali, niliyaona ya wengine maisha yangu yote. Mkono ukarudi. Mguu ukarudi kwa msaada wa fimbo. Maneno hayakurudi. Alibaki na matatu: ndiyo, hapana, na sawasawa, na hayo matatu yenyewe huyachanganya. Ukimuuliza kama anataka chai anasema hapana huku anashika kikombe. Anaelewa kila kitu, tena kuliko wewe. Anasoma, anacheka, anajua lini nimekata kona vibaya na anafumba macho makusudi ili nione. Ila kuongea, basi.

Mtaalamu wa usemi, dada mmoja mdogo mwenye sauti ya upole, alinikalisha akaniambia mambo matatu. Kwamba yatakayorudi kwanza ni yale aliyoyasema mara nyingi zaidi maishani. Kwamba yakianza nisimkatize, hata akisema upuuzi, kwa sababu anaweza kufunga mdomo tena na asiufungue. Na kwamba mwaka wa kwanza ndio wa kupigania. Nilitoka pale nikiwa nahesabu miezi. Wakati wa haya ninayokusimulia ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu kiharusi, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, mume wangu aongee kabla mwaka haujaisha. Hata kama neno la kwanza ni tusi, na hata kama ni mimi ninayetukanwa.

Binti yetu alijaribu kutuzuia tusisafiri. "Mama, unampeleka wapi mgonjwa ndani ya lori?" Nikamwambia mgonjwa huyu anasafiri na muuguzi wake, wangapi wamepata bahati hiyo. Akakubali shingo upande, lakini ananipigia simu kila siku saa moja asubuhi kuhakikisha hatujafa.

Basi tukaingia barabarani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hatukununua gari, tulinunua maonyesho. Jamani, watu wanauliza. Wanauliza kama ni gari la jeshi, la benki, la kupimia kifua kikuu. Mama mmoja alipanga foleni na mtoto mgongoni, nikamuuliza anangoja nini, akasema chanjo. Mwingine alitaka kupigia humo picha za harusi, na bwana harusi alikuwa bado hajapatikana. Kuna mzee alizunguka gari mara tatu mikono nyuma, akasimama mbele yangu akasema, "Choo mnacho?" Nikasema tunacho. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Yaani mnasafiri nacho," akasema, akaenda zake.

Mimi si mtu wa subira. Mwezi wa kwanza nilifukuza. Nilikuwa nafungua dirisha nasema hapa si makumbusho, na watu wanazidi kuja, kwa sababu mtu akifukuzwa anajua kuna kitu. Kisha nikakumbuka wodini. Wodini tulikuwa na wagonjwa arobaini na ndugu mia nne, na hatukuwahi kupigana na mtu, kwa sababu mlangoni palikuwa na kibao. Mtu atabishana na mlinzi, atabishana na daktari, lakini mbele ya kibao chenye saa anatazama saa yake na kwenda kukaa. Nikaandika changu kwa rangi nyekundu: KUTAZAMA NI SAA KUMI HADI SAA KUMI NA MOJA JIONI. WATU WATANO KWA MARA MOJA. VIATU CHINI. KITANDA HAKIKALIWI.

Loo, amani iliyoje. Watu walikuwa wakija saa nane wanasoma, wanaondoka, wanarudi saa kumi kamili wameoga. Nilianza hata kufurahia. Nilijua nionyeshe nini kwanza na nini mwisho, nilijua mzaha upi unachekesha mafundi na upi unachekesha walimu. Nilijibu maswali yote isipokuwa moja, lile ambalo huulizwa kila siku na kila mtu, la bei. Wakiuliza bei, nawaambia limegharimu nyumba moja na subira yote niliyokuwa nayo. Wanacheka, tunaendelea.

Ila saa hiyo ya kutazama mume wangu nilikuwa namficha. Ndiyo, namficha, sitapamba. Namwekea kiti cha kukunja upande wa pili wa gari, na redio na gazeti, mpaka watu waondoke. Sababu ni kwamba watu walikuwa wakimsemesha. Wanamuuliza, hajibu, wanapaza sauti kana kwamba ni kiziwi, kisha wananigeukia mimi. Mmoja aliniuliza mbele yake, "Kwani huyu mzee ni bubu?" Nilimwona mume wangu anavyoinamisha macho, yeye aliyekuwa akisimamisha soko zima kwa salamu. Yule mtu nilimshusha kwa maneno ambayo muuguzi hafundishwi chuoni. Tangu siku hiyo nikasema, hakuna mgeni atakayemgusa tena kwa swali.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye uwanja wa gereji, katika mji ambao hatukupanga kusimama. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Mwenye gereji ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, wote pale wanamwita Bosi, na alipoliona Bi Harusi linaingia getini aliweka chini spana yake, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Uwanja wake ulikuwa na mashine mbili zilizofunguliwa juu ya matairi, pipa la oili chafu, unga wa mbao umemwagwa palipovuja, na birika la chai juu ya jiko lililotengenezwa kwa rimu. Akaniambia springi itapatikana kesho kutwa, huku anaangalia paa. Akaniuliza kama kibao kinawahusu na mafundi. Nikasema kinawahusu wote. Akawatangazia vijana wake kwamba kazi itasimama saa kumi.

Saa kumi uwanja ulijaa. Walikuja wenye maduka ya mbele, wauza vocha, walimu wawili wenye madaftari ya kusahihisha mkononi, na mama mshonaji kutoka ng'ambo ya barabara, utepe wa kupimia shingoni. Nilikwenda kumchukua mume wangu nimpeleke kwenye kiti chake, upande wa ukutani. Hakuinuka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, fimbo kati ya magoti.

"Twende, watu wameshafika," nikamwambia.

"Hapana," akasema.

Kwa kawaida hapana yake inaweza kuwa ndiyo, kwa hiyo nikamshika mkono. Akaurudisha. Hapo nikajua hiyo ni hapana kweli. Sikutaka kuvutana na mume wangu mbele ya kadamnasi, nikamwacha, lakini nilisimama karibu yake kama mlinzi wa benki.

Mama mshonaji ndiye alikuwa wa kwanza kupanda. Alimpita mume wangu, akamwambia habari za jioni mzee, akajibiwa sawasawa, akaridhika. Ndani hakutazama friji wala bafu. Alishika pazia, akageuza pindo, akaniambia, "Aliyekushonea hili alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Nilimpenda palepale. Aliposhuka akaketi ngazi iliyo juu ya mume wangu, akawa anamsimulia habari za vitambaa bila kungoja jibu lolote, na mume wangu akawa anatikisa kichwa kwa raha. Nikaanza kulegea.

Ndipo akaja mkandarasi. Alishuka kwenye gari lake akiwa na buti mpya na kofia ngumu mkononi, mtu wa miaka arobaini hivi, msafi, mwenye adabu, lakini ni mmoja wa wale watu ambao hawajazoea kukataliwa. Alivua viatu. Aliingia, akagonga ukuta kwa vidole akausikiliza, akafungua bomba, akapima urefu wa kitanda kwa hatua. Alipotoka akaniambia anajenga barabara huko mbali, analala kwenye kontena na panya, na hiki ndicho kitu alichokuwa akikiota.

"Mama, bei gani?"

Nikampa jibu langu la nyumba na subira. Akacheka, akauliza tena. Nikasema haliuzwi. Akauliza mara ya tatu, safari hii hakucheka.

"Kila kitu kina bei, mama. Hata mimi nina bei."

"Wewe nakuona una na punguzo," nikamwambia.

Watu walicheka mpaka Bosi akaegemea pipa. Lakini mkandarasi si mtu wa kuona aibu. Alinizunguka, akachuchumaa mbele ya mume wangu, akamtazama usoni.

"Mzee, wewe ndiye mwenye nyumba. Nitajie bei tu, nijue."

Nilifungua mdomo nijibu kwa niaba yake, kama nilivyojibu miezi kumi na moja. Nikachelewa. Mume wangu aliinua fimbo akagonga ngazi mara tatu, kwa nguvu, na uwanja mzima ukageuka.

"Mabibi na mabwana," akasema.

Sauti ilikuwa yake, ile ya tumboni, ile niliyokuwa nikiisikia kutoka nje ya ukuta wa soko kabla sijamwona. Akasimama. Akaegemea fimbo kidogo, akaitazama ile halaiki kuanzia kushoto hadi kulia.

"Mabibi na mabwana, sogeeni, sogeeni, msiogope. Kutazama bure, kugusa bure, kuondoka nacho ndiyo kazi. Leo tuna mali. Mali safi, mali ya mtu mmoja, haijalala nje, haijakopeshwa jirani. Nani ananifungulia bei?"

Kitu cha kwanza nilichofanya ni cha kiuuguzi: nilimtazama mdomo kama umepinda, mkono kama umelegea, nikidhani ni pigo la pili. Mdomo ulikuwa sawa. Macho yalikuwa yanawaka. Ndipo nikamkumbuka yule dada wa usemi. Yaliyosemwa mara nyingi zaidi maishani, alisema, ndiyo hurudi kwanza. Nami niliwafungia nje watu walewale ambao maneno yake yalikuwa yakiwangoja. Nilimweka mume wangu nyuma ya gari na redio, mjinga mimi, nikidhani ninamlinda.

"Kumi," alisema kijana wa kuchomelea, kwa utani.

"Kumi yupo, bwana wa miwani nyeusi. Kumi ni ya kununua ngazi, baba, nyumba tunaibakiza. Nani ishirini?"

Kumi ya nini, hakusema, na hakuna aliyeuliza. Mama mshonaji akanyoosha utepe wake juu akasema ishirini. Mwalimu mmoja akaongeza, mwenzake akamvuta shati. Watu walikuwa wanacheka, wanasukumana, na mume wangu anawapokea mmoja mmoja: mama wa utepe, mwalimu wa shati, baba mwenye mtoto begani asimwangushe mtoto kwa ajili ya gari. Neno moja linavuta jingine, hakuna kigugumizi, hakuna kutafuta. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikujali nani anaona.

Halafu mkandarasi akasema, "Hamsini." Hakuwa anatania. Alikuwa ameshatoa simu. "Ni milioni, sivyo mzee?"

"Sawasawa," akasema mume wangu. "Hamsini yupo, bwana wa buti. Nani sitini?"

Kicheko kikapungua. Bosi akasema hamsini na tano ili mchezo uendelee, mkandarasi akasema sitini kabla hajamaliza. Hakuna mwingine aliyefungua mdomo.

Sasa unielewe. Mume wangu alikuwa na sheria moja kazini: nyundo ikigonga, imegonga. Wakati fulani vijana wake walichanganya baiskeli yake mwenyewe na vitu vya mnada, akaipigia nyundo bila kuangalia, na alipotambua alimkabidhi mnunuzi pampu akarudi nyumbani kwa miguu, kilomita tisa. Miaka thelathini na nne hakuwahi kuirudisha nyundo, si kwa tajiri, si kwa polisi, si kwa machozi ya mtu. Kwa hiyo fimbo ile ikigonga ngazi kwa mkandarasi, Bi Harusi kaolewa. Nyumba nyingine hatuna. Tungekwenda kulala sebuleni kwa binti yetu, na safari niliyoingoja ujana wangu wote ingeishia kwenye uwanja wa gereji.

Lakini nikimwambia acha, nitakuwa nimemkatiza. Neno moja langu, na yale yote yangerudi yalikokuwa. Niliyapima hayo mawili, na nakuambia ukweli mbele ya Mungu, hayakuwa na uzito sawa. Ningemfungulia yule bwana mlango mwenyewe na kumwonyesha gesi inapozimwa. Nilikuwa nimekwisha kukubali.

"Sitini mara ya kwanza," akasema mume wangu, fimbo juu.

Ndipo nikaona njia ya tatu, na ilikuwa mbaya kuliko zote, maana kuna jambo ambalo mke wa dalali hafanyi. Hainui mkono mnadani. Watu watasema familia inapandisha bei, na dalali akishaitwa mwizi hana kazi tena. Mwaka tuliooana alinikalisha akanieleza hilo bila mzaha hata kidogo, na ni mara chache nilimwona bila mzaha. Katika minada yake yote niliyohudhuria nilikaa mikono mapajani, hata nzi akinitua puani.

"Sitini mara ya pili."

Nikainua mkono. "Themanini," nikasema.

Akanyamaza.

Fimbo ilibaki hewani. Alinitazama, mdomo ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka, na nikaiona ile hali ninayoijua, ya mtu anayetafuta mlango gizani. Birika lilisikika likichemka. Nikajisemea basi, nimemkatiza, kwa mkono wangu mwenyewe nimeyarudisha maneno ya mume wangu. Sikujua niushushe mkono au niuache. Niliuacha.

"Themanini," akasema polepole. Akameza mate. "Themanini yupo. Mama yule pale. Mama wa... wa kitambaa cha bluu." Mnadani dalali hana ndugu, kila mtu ni mgeni, na mimi pia alinifanya mgeni. Kisha, kwa pumzi moja, sijawahi kumsikia haraka namna ile, "themanini-mara-ya-kwanza-mara-ya-pili-mara-ya-tatu," na fimbo ikagonga ngazi mpaka ngazi yenyewe ikashtuka ikapanda nusu.

Mkandarasi alikuwa na mkono nusu hewani. "Hapana jamani, huo si mnada. Hakunitazama hata."

"Nyundo imegonga, bwana," alisema Bosi kwa ile sauti yake nyembamba, na mama mshonaji akasema imegonga, na kijana wa kuchomelea naye, na uwanja wote ukasimama upande wa nyundo. Mkandarasi akatutazama mimi na mume wangu, akatazama ngazi, na taratibu akaelewa. Akavaa kofia yake ngumu, kisha akaivua tena. "Haya mama," akasema. "Umenizidi." Alikuwa muungwana, sina neno baya juu yake.

Watu wakapiga makofi, lakini mimi sikuwa na moyo wa makofi. Mnada ulikuwa umekwisha, na maneno ya mnada hutoka mnadani. Mume wangu alikuwa ameketi tena, amechoka, jasho kwenye paji la uso. Nilimsogelea nikapiga magoti kwenye ule unga wa mbao na oili, sketi ikaharibika, nikashika goti lake. Niliogopa kumuuliza kitu. Niliogopa kwamba nikimuuliza atasema sawasawa.

Yeye ndiye aliyeanza. Aliniinamia, karibu sana, akanitazama kama anayesoma maandishi madogo.

"Mke wangu," akasema.

Hilo si neno la mnada. Huko hakuna mke wa mtu. Nilishikilia goti lake, nikamwacha atafute. Alitafuta kwa muda mrefu. Nyuma yangu watu wote walikuwa wamekuja kutazama gari na sasa wanatutazama sisi.

"Mke wangu," akasema tena, na upande mmoja wa mdomo ukaanza kucheka kabla ya mwingine. "Umepigwa."

Kwa bei, alimaanisha: nilikuwa nimenunua kitanda changu mwenyewe, sufuria zangu mwenyewe, na mume niliyekuwa naye tayari, kwa milioni themanini ambazo sina, na muuzaji ndiye wa kwanza kunicheka. Nikamwambia arudie. Akarudia, polepole, kwa sauti ya nyumbani. Nikalia pale chini mbele ya umati ule wote, na sikumzuia mtu kutazama.